Mkalimani Aliyesema Hakuelewa

Wodi ya Wazazi, 9 Januari

Mwanangu,

Nimevua viatu, nimeweka miguu juu ya ndoo iliyopinduliwa, na muuguzi mwenzangu nimemwambia asiniite mpaka kichwa cha mtoto kionekane. Kwa hiyo tuna muda kidogo mimi na wewe. Mimi ni mzima. Goti la kulia linalalamika kila nikipanda ngazi, lakini tumeshazoeana: lenyewe linalalamika, mimi napanda. Mkeo anaendeleaje? Mwambie alale kwa ubavu, ale hata kama hana hamu, na asikubali kutishwa na mashoga zake wenye hadithi za uzazi. Mwezi wa nne nachukua likizo nije. Mjukuu wangu atatua mikononi mwangu, na hilo halina mjadala.

Najua utasema ningepiga simu. Simu mimi naitumia kusema "njoo upesi". Mambo ya kukaa na kufikiri yanataka karatasi.

Fundi Saa anakusalimu. Bado yuko kwenye kibanda chake mkabala na lango la hospitali. Ile picha yenu ya gazetini ameibandika kwenye kioo cha mbele: Mwenyekiti wetu kushoto, Mzee Miwani wa kwao watu wa juu kulia, na wewe katikati umeinamisha kichwa kama mtu anayenong'ona. Mteja akileta saa, anaonyeshwa picha kwanza. "Unamwona huyu wa katikati? Ni mtoto wa watu wa bonde, lakini kinywa hiki nimekitengeneza mimi, hapa hapa, shangazi yake akiwa zamu." Juzi alimshika mteja mmoja kwa maneno mpaka yule akasahau alichokuja nacho.

Huku kila mtu anaisimulia siku ile kana kwamba alikuwa amejificha chini ya meza. Kwamba kura za sisi watu wa bonde hazikutosha, na za watu wa juu nazo hazikutosha, basi viongozi wawili wakafungiwa chumbani. Kwamba Mzee Miwani alikataa kuongea lugha yoyote isipokuwa yake ya kuzaliwa, ikabidi uletwe wewe. Na kwamba Mwenyekiti aliahidi: nusu ya kwanza ya muhula nitakuwa waziri mkuu mimi, nusu ya pili utakuwa wewe. Kwa ahadi hiyo tumekaa vizuri. Sokoni meza zimechanganyika. Hapa wodini Sista Mkuu ni wa watu wa juu, na kina mama wa bonde wanamwita wenyewe wakizidiwa.

Sasa nusu ya muhula inafika Machi, na watu wananiuliza mimi kwa ajili yako: atampisha mwenzake? Nawajibu kwamba mwanangu ni mkalimani, si mpiga ramli. Lakini nami nataka kujua.

Nimeitwa. Tutaongea.

Shangazi yako

*

Ofisi ya Waziri Mkuu, 4 Februari

Shikamoo Shangazi,

Samahani kwa kuchelewa. Kazi zimenibana. Mke wangu anaendelea vizuri, ila miguu inavimba jioni na amechukia harufu ya sabuni zote, kwa hiyo nafua mimi. Nimemsomea maagizo yako yote. Amecheka, halafu akalala kwa ubavu.

Tumehamia nyumba ya serikali. Si kubwa, lakini jikoni kuna mwanga, na kuna chumba cha ziada ambacho tumekwisha kukiita chako. Ofisini nako wamenipandisha ghorofa ya tatu, karibu na Mwenyekiti mwenyewe. Huko kuna zulia nene kiasi kwamba mtu akija husikii mpaka akohoe. Nimejifunza kuandika huku sikio moja likiwa mlangoni.

Mwenyekiti aliniita peke yangu wiki iliyopita. Tulikunywa chai. Aliulizia hali ya mke wangu, aliulizia hali yako, anajua hata kwamba wewe ni mkunga. Kisha akauliza lugha ya watu wa juu niliisomea chuo gani. Nikamwambia sikuisomea chuoni, nilifundishwa na fundi saa. Alicheka sana, Shangazi. Akarudia, "Fundi saa!" akafuta machozi. Nami nikacheka. Baadaye akasema wanafikiria kuanzisha Idara ya Lugha, na kwamba atahitajika mkurugenzi.

Kuhusu ulichouliza: mashauriano yanaendelea katika ngazi zote, na nia njema ipo pande zote mbili. Ni hayo tu ninayoweza kusema kwa sasa.

Msalimie sana Fundi Saa.

Mwanao

*

Nyumbani, 6 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako nimeisoma mara mbili. Nilitafuta jibu nikakuta zulia.

Habari za huku si mbaya sana. Paa la jikoni limeanza kuvuja palepale lilipozibwa. Binti wa jirani amejifungua pacha, wote wazima, mmoja anafanana kabisa na babu yake mpaka na hasira. Nami nimeshaandika barua ya likizo.

Sasa tuje kwenye lenyewe. Nilikuwa nasikiliza mapigo ya mtoto tumboni mwa mama mmoja, redio iko dirishani, na Mwenyekiti akaanza kuongea. Akasema hakuahidi kitu. Akasema siku ile alimwambia mwenzake "hapa ni kwako", maneno ya ukarimu, kama mtu yeyote anavyomkaribisha mgeni sebuleni. "Mgeni ukimwambia hapa ni kwako," akasema, "je, kesho anakuja na kitanda?" Watu waliokuwa pale studio wakacheka. Mimi nikapoteza mapigo, ikabidi nianze kuyatafuta upya.

Jioni akajibu Mzee Miwani, kwa lugha yake, mtangazaji akawa anatafsiri. Alisema aliahidiwa kiti, wala hakukaribishwa sebuleni. Akasema chumbani walikuwa watu watatu, na wa tatu bado yuko hai, basi aulizwe.

Wa tatu ni wewe.

Asubuhi yake Sista Mkuu aliniuliza mbele ya wauguzi wote, "Mwanao atasema nini?" Nikamjibu, "Atasema kilichosemwa." Nilijibu bila hata kufikiri, mikono ikiwa ndani ya beseni. Fundi Saa naye anawaambia watu wake watulie, mtoto wake yupo, atanyoosha mambo.

Sikufundishi la kufanya. Una mke, una mtoto njiani, na unalala kwenye nyumba ya watu. Wala sikuulizi hapa ukweli ni upi. Nakuomba jambo moja tu: kabla hujafungua mdomo hadharani, niandikie.

Shangazi yako

*

Wodi ya Wazazi, 29 Machi

Mwanangu,

Hukuniandikia.

Nilikusikia redioni kina mama walipokuwa wanapewa uji. Mtu alisema, "Sista, mwanao huyo!" wakaongeza sauti. Nilikutambua kabla hujataja cheo chako, kwa jinsi unavyovuta pumzi. Nayakumbuka maneno yako yote. Ulisema lugha ile si lugha yako ya kuzaliwa. Ulisema uliokotaokota tu utotoni, mtaani, kwa mtu ambaye si mwalimu. Ulisema huenda ulichukua maneno ya ukarimu ukayafanya ahadi, na unaziomba radhi pande zote mbili. Mwandishi mmoja akakuuliza, "Huenda, au ndivyo ilivyokuwa?" Ukasema, "Ndivyo ilivyokuwa."

Nikaendelea kugawa uji. Hakuna aliyenitazama. Sista Mkuu alitoka, akaenda kusimama kule kwenye kamba za kuanikia mashuka mpaka zamu yake ikaisha.

Sasa watu wa juu wametoka serikalini, hilo unalijua kuliko mimi. Usilolijua ni la huku. Sokoni meza zimetengana, za bonde upande wa barabara, za juu upande wa mtaro. Juzi mama mmoja wa bonde, uchungu umemshika, alimwona Sista Mkuu anavaa glavu akapiga kelele kwamba asimguse. Yule mama nimemzalisha mimi, na wala sikumkemea. Nilijiambia mama mwenye uchungu hakemewi. Ni kweli hakemewi. Lakini alipokwisha kujifungua na kunywa chai, bado sikumkemea.

Fundi Saa alikuja langoni kunisubiri. Nilijiandaa kwa matusi, mwanangu. Ningeyapokea, tena ningeshukuru. Badala yake alivua kofia. Akasema, "Mama, nisamehe. Nimemharibia mtoto wako." Nikamuuliza umemharibia nini. Akasema, "Mtoto yule hawezi kusema uongo, namjua. Kwa hiyo kosa ni langu. Nilimfundisha vibaya." Anasema halali, anakumbuka masomo yenu moja baada ya jingine, anatafuta ni siku gani alikupa neno la kuachia kiti mahali pa neno la kukaribisha. Aliniuliza kama nakumbuka siku uliyokuwa na homa, akakufundisha hivyo hivyo. Labda ni siku hiyo, akasema.

Nilimwambia aende akapumzike. Hilo tu ndilo nililoweza kumwambia.

Mkeo vipi?

Shangazi yako

*

Ofisi ya Waziri Mkuu, 16 Aprili

Shikamoo Shangazi,

Nimepokea barua yako na nimeyazingatia yote yaliyomo.

Nilitoa maelezo yangu kwa uangalifu, baada ya kushauriana, kwa kuzingatia utulivu wa nchi. Ningependa kukueleza kwa kirefu zaidi, lakini wakati wake haujafika. Naomba usiyachukue kwa uzito mno maneno ya mitaani. Mambo ya uongozi yakitazamwa kwa mbali huwa hayaonekani yalivyo.

Kuhusu likizo yako, naona ni vizuri usubiri kwanza. Nyumba inapakwa rangi na harufu ni kali. Chumba chako kimejaa ngazi na makopo. Nitakujulisha mafundi wakimaliza.

Mke wangu anakusalimu.

Mwanao

*

Nyumbani, 20 Mei

Mwanangu,

Hongera kwa kupata mtoto wa kike.

Nimeambiwa na muuguzi aliyesoma na mimi, ambaye yuko hospitali kuu huko kwenu. Alipiga simu kunipongeza kwa mjukuu, akashangaa kuona nimekuwa bubu. Nikasingizia laini mbovu. Amesema mtoto ana nywele nyingi, na mama yake alijikaza vizuri. Amesema pia kwamba mtoto alizaliwa mwanzoni mwa Aprili. Maana yake ni kwamba ulipokuwa unaniandikia habari za rangi na ngazi, mtoto alikuwa amelala chumba cha pili.

Nimezalisha watoto wa mji huu mpaka wengine nawazalishia watoto wao. Huyu mmoja nimeambiwa habari zake kwa simu. Sitaliongelea tena hilo. Nimekufumia kofia ya mtoto. Nimeifunga pamoja na barua hii. Ikiwa kubwa, atakua.

Sista Mkuu ameondoka. Aliomba uhamisho mwenyewe, au ndivyo karatasi inavyosema. Wodi nimekabidhiwa mimi. Funguo za kabati la dawa ziko mfukoni mwangu ninapoandika. Watu wamenipongeza. Mganga mkuu alisema niliistahili siku nyingi, na huenda ni kweli, lakini siku zile nyingi hakuniona. Unaelewa? Nami nimefaidika na ulimi wako. Nikipita karibu na zile kamba za mashuka, natembea haraka.

Fundi Saa ameitoa picha yenu. Hakukasirika, alisema haifai mtu kujisifia kazi mbovu. Kisha akafanya jambo ambalo ningejua ningemzuia. Alikwenda kwenye ukumbi wao siku ya mkutano, akasimama mbele ya watu wa juu wote, akasema lawama si za Mwenyekiti wala za mkalimani, ni zake yeye aliyefundisha vibaya. Walimzomea. Walimwambia ameuza lugha yao kwa watoto wa bonde, tena ameiuza imeoza. Sasa hawampelekei saa. Watu wa bonde walikwisha kuacha tangu Machi. Anafungua kibanda, anafuta vumbi, anakaa, anafunga.

Kila nikitoka zamu ananisimamisha. "Mama, umepata barua? Amesema ni neno gani hasa nililokosea? Nikilijua tu nitalala." Namwambia bado.

Mimi sikukulea peke yangu, mwanangu. Tulikulea mimi na mtu yule, tukipokezana kama zamu. Nami nasimama mbele yake kila jioni nikiwa nimefumba mdomo, kwa sababu nikiufumbua nitamwambia ninachokishuku, na ninachokishuku kitamfanya alie kwa sababu nyingine.

Sitaandika tena mpaka uniambie kile ambacho sikukuuliza.

Shangazi yako

*

Nyumbani, 28 Juni

Shikamoo Shangazi,

Kofia imemkaa vizuri kabisa. Mke wangu aliisoma barua yako kabla yangu. Alimvika mtoto kofia, akamleta akanilazia mapajani, akatoka. Hakujua kwamba sijakuandikia habari za kuzaliwa. Nilikuwa nimemwambia kazi imekuzuia kuja. Tangu siku hiyo tunaongea habari za nepi tu.

Nakueleza sasa.

Mwenyekiti aliahidi. Alisema hivi: "Nusu ya kwanza nitakaa mimi. Nusu ya pili kiti ni chako. Nakupa neno langu." Nikayapeleka kama yalivyo. Mzee Miwani akaniomba nirudie, nikarudia. Hakuna neno lililopotea njiani. Fundi Saa hakukosea hata herufi moja.

Na hakuna aliyenitisha, Shangazi. Hilo ndilo ninaloshindwa kuliandika. Ningetishiwa ningekuwa na la kusema. Mwenyekiti aliniita tena, chai ileile, akasema kwa upole, "Kijana wangu, una uhakika gani? Lugha ya kuokota mtaani, kwa fundi saa?" Nikasema nina uhakika. Akasema, "Sawa. Kafikirie tu." Wiki nzima hakuniita. Nilipopita koridoni alinisalimu kama kawaida, ila wengine wote waliacha kunisalimu. Hakuna aliyeniomba nihame nyumba wala ofisi. Siku ya saba nilikwenda mwenyewe. Nilibisha hodi mimi, nikamwambia huenda kweli nilikosea. Alisimama akanikumbatia. Maneno ya redioni niliyaandika mwenyewe. Lile la "mtu ambaye si mwalimu" halikutoka kwa mtu mwingine yeyote, nililitunga mimi, na nilipolitunga niliona limekaa vizuri.

Nilikuficha mtoto kwa sababu nilijua ungeingia mlangoni, ungenawa mikono, ungenitazama mara moja tu.

Umesikia kwamba wamepatana. Mzee Miwani amekubali kuwa naibu, watu wake wamepewa wizara, na juzi walipeana mikono mbele ya kamera. Mimi nilikuwa nimekwenda kwa Mzee Miwani siku mbili kabla, nyumbani kwake, kumwambia ukweli. Nilipanga kumwambia, kisha kuwaambia waandishi, liwalo na liwe. Alinikalisha barazani. Nilipomaliza alivua ile miwani myeusi, mara ya kwanza namwona macho, akanijibu kwa lugha ya Mwenyekiti mwenyewe, safi, bila kukwama popote.

"Kijana, unadhani nilikuhitaji wewe ili nimwelewe? Nilimsikia kwa masikio yangu."

Nikamuuliza kwa nini basi aliniacha niseme vile, kwa nini hakusimama akasema anaijua lugha.

"Ningesema naijua, watu wangu wangeniuliza kwa nini nilijifanya siijui. Na sasa tumeshapatana. Ukienda kwa waandishi utawafukuza watu wangu kwenye wizara zao. Nenda nyumbani, kalee mtoto."

Nilikwenda kwa waandishi hata hivyo. Wa kwanza alisema hiyo ni habari iliyochacha. Wa pili aliandika kila kitu, akanishukuru, na hakuna kilichotoka. Hakuna anayeutaka ukweli huu, Shangazi. Aliyekosewa ameupokea uongo akautia mfukoni.

Nimeacha kazi. Tumepata vyumba viwili nyuma ya karakana ya magari.

Mweleze Fundi Saa. Mwambie hakukosea. Wewe utajua namna ya kulisema.

Mwanao

*

Wodi ya Wazazi, 9 Julai

Mwanangu,

Sitamweleza.

Nimewaambia watu habari ngumu maisha yangu yote: mtoto hakulia, mama hakuamka. Hizo ni kazi yangu. Hii si kazi yangu, wala siyo ya barua. Unasema hakuna anayeutaka ukweli. Yuko mmoja, na kila jioni ananisimamisha langoni kuuomba.

Njoo. Uje mchana, kibanda kikiwa wazi na watu wanapita. Usije nyumbani kwangu kwanza kutafuta chai na moyo. Chai utaikuta baadaye.

Nimefurahi umeniambia. Nimeaibika pia, lakini hiyo aibu ni ya kwetu sote wawili, sasa tunaweza kuibeba tukiwa tunatazamana. Hata mimi nimemwandikia Sista Mkuu kule alikohamishiwa. Hajajibu.

Mbusu mtoto utosini.

Shangazi yako

*

Nyumbani, 3 Agosti

Shikamoo Shangazi,

Umeuliza kwa nini nilipita mjini kwetu nikaondoka bila kukuaga, na chai ikapoa. Naomba radhi. Nilishindwa kuja kwako nikiwa nimetoka pale. Nakueleza nilivyoweza.

Nilianzia ukumbini kwa watu wa juu, maana huko niliona ni rahisi zaidi. Ilikuwa siku yao ya mkutano. Nilisimama nikasema kwa lugha yao, tangu mwanzo hadi mwisho, nani alisema nini chumbani, na nini nilikisema redioni, na kwamba fundi wao hana kosa. Nilitegemea kelele. Walinisikiliza kimya. Kisha msimamizi wa mkutano akasema, "Tumesikia," wakaendelea na habari za bomba la maji. Mama mmoja tu alinifuata mlangoni akasema naongea vizuri, kama mtoto wa kwao. Alilisema kama tusi.

Kutoka hapo nikaenda kibandani. Alikuwa anafuta saa ya ukutani ambayo haina mwenyewe. Aliponiona alisimama mpaka miwani ikamwanguka. Kabla sijafungua mdomo alinishika mikono yote miwili, akaanza yeye. "Mwanangu, nisamehe. Nilikupa bidhaa mbovu, ukaumbuka nayo mbele ya nchi nzima." Nilijaribu kumkatiza akazidi kunishika. Alitaka nimwambie neno. Neno gani, akasema, niambie tu neno gani.

Nikamwambia hakuna neno. Nikamwambia nilidanganya.

Hakuelewa. Akaniomba nirudie alichosema Mwenyekiti, kwanza kwa lugha ya Mwenyekiti, kisha nilivyokigeuza. Nikarudia. Alisikiliza macho yamefumbwa, kichwa kimelala upande, kama anavyosikiliza saa. Akasema, "Tena." Nikarudia tena. Alipofumbua macho alikuwa anacheka, Shangazi. Uso wote ulifunguka. "Ni sawasawa!" akasema. "Ni sawasawa kabisa! Hata mimi nisingelisema vizuri hivyo!" Akatoa kichwa nje akamwita muuza magazeti wa jirani, akamwita na mlinzi wa lango lenu. "Nilimfundisha vizuri! Njooni mumsikie! Nilimfundisha vizuri!" Wale wakaja, wakasimama, hawajui wafanye nini na mikono yao. Nami nilisimama katikati ya furaha yake. Redioni sikuona aibu ya namna hiyo, wala barazani kwa Mzee Miwani.

Sijui ilimwingia saa ngapi. Nilimwona anapunguza sauti. Aliwatazama wale watu, akanitazama mimi, akarudi ndani akaketi. Aliokota miwani yake, akaifuta kwa ncha ya shati, muda mrefu. Wenzetu wakaondoka polepole. Nikamwita kwa jina nililokuwa nikimwita utotoni. Nikamwomba msamaha kwa lugha yake, kwa yale maneno mazito ambayo wanayatumia mara moja tu katika maisha, aliyonifundisha mwenyewe akiniambia nisiyachezee.

Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akavaa miwani. Akanijibu kwa lugha ya sokoni, hii ya watu wote, ambayo tangu nilipokuwa mtoto hajawahi hata siku moja kuitumia na mimi.

"Haya, bwana. Saa yako ina tatizo gani?"

Nikamwambia sina saa.

"Basi karibu siku nyingine," akasema, kwa adabu kabisa, akarudi kwenye kazi yake.

Mwanao